Ukila nyama ya ng'ombe, mbona huoti pembe? Maswali ya dirisha la maabara

Ninafanya kazi kwenye maabara ya zahanati ndogo hapa Eastlands. Ukishatolewa damu unaambiwa ukae kwenye benchi dakika 40 ungojee majibu, na benchi hilo ndilo linalozaa maswali. Daktari ana foleni, hawezi kukaa na mtu mmoja, basi wananibana mimi dirishani. Nami pia wananiita daktari, nimechoka kuwasahihisha. Haya ni yale yanayorudi kila wiki. Nimeyaweka pamoja kwa sababu mengi, ukiyachimba, yana mzizi mmoja: mwili hautumii protini uliyoila jinsi ilivyo. Huifumua kwanza, halafu kila seli hujitungia yake.

Ukila nyama ya ng'ombe kila siku, mbona huoti pembe?

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa Gredi ya 5, na mamake alitaka kumziba mdomo. Nikamwambia, mama, mwache, hili ndilo swali lenyewe.

Umewahi kuona akina mama wa Soko la Maasai wakitunga mkufu? Rangi ni chache, lakini kwa kubadilisha mpangilio wanapata mikufu isiyohesabika. Protini ni mkufu wa aina hiyo. Shanga zake huitwa asidi amino, na aina zake ni 20 tu. Ni zilezile 20 kwa ng'ombe, kwa dengu, kwa mende wa jikoni na kwako wewe. Ukimeza kipande cha nyama, asidi ya tumbo na kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za mwili) kiitwacho pepsini huanza kuukata uzi. Ikifika kwenye utumbo mwembamba, vimeng'enya vya kongosho humalizia kazi, na shanga huingia kwenye damu, nyingi zikiwa mojamoja. Hapo hazina tena alama ya kuonyesha zilitoka wapi. Ile protini iliyokuwa pembe au paja imekwisha. Zimebaki shanga, na seli zako hazijui kutunga pembe kwa sababu hazina maagizo yake.

Nani huiambia seli ushanga upi ufuate upi?

DNA. Imefungiwa ndani ya kiini cha seli, na kwa binadamu ina herufi kama bilioni 3, ingawa herufi zenyewe ni za aina 4 tu. Kila herufi 3 hutaja ushanga mmoja.

Sasa, mtu mwenye ploti yake Ruai hatembei na hati miliki kwenye matatu. Hati inakaa sandukuni, anabeba fotokopi. Seli nayo hufanya hivyohivyo. DNA haitoki kwenye kiini. Kinachotoka ni nakala fupi ya ukurasa unaotakiwa, inayoitwa RNA. Nakala hiyo huingia kwenye kitu kidogo mno kiitwacho ribosomu, kinachosoma herufi tatutatu na kuunga shanga, kama 5 hivi kwa sekunde. Nakala ikishatumika huraruliwa. (Wale walioniuliza mwaka 2021 kama chanjo za korona zingebadilisha DNA yao: baadhi ya zile chanjo zilikuwa fotokopi ya aina hii. Ilisomwa nje ya kiini, haikuingia ndani, na mwili ukairarua kama zinavyoraruliwa zake.)

Mkufu ukishatoka kwenye ribosomu haubaki umenyooka. Hujikunja ukapata umbo lake, na umbo hilo ndilo kazi yake. Umbo likiharibika, shanga zote zipo lakini hakuna kazi inayofanyika.

Sukari yangu imepanda, nimeambiwa nianze insulini. Kwa nini sindano? Si mnipe tembe?

Mzee mmoja aliuliza hivi akiwa ameshika bomba la sindano kama ameshika nyoka. Nilimwelewa.

Insulini yenyewe ni protini fupi, mikufu miwili iliyoshikana, shanga 51 kwa jumla. Ukiimeza, tumbo halijui kwamba ni dawa. Linaona nyama. Itakatwakatwa ikawa shanga, na sukari itabaki palepale. Kwa hiyo inapitia chini ya ngozi, isikutane na tumbo.

Na tukiwa hapo kwenye umbo: nje ya geti letu kuna kijana anayeuza mayai boilo kwa mkokoteni. Akilipasua yai bichi, ule ute ni maji matupu, unaona hadi chini ya kikombe. Likichemshwa unakuwa mweupe na mgumu, anaukata kwa kisu na kutia kachumbari. Hakuna kilichoongezwa ndani ya yai. Ni protini zilezile, ila joto limezikunjua zikashikana ovyo, na ukilipoza yai halirudi kuwa bichi. Insulini nayo ni protini. Haihitaji kuchemshwa ndipo iharibike. Kuisahau kwenye dashibodi ya gari juani, au kuiweka kwenye friza ikaganda, kunatosha. Chupa uliyoianza kutumia inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki 4 hivi, mahali pa kivuli pasipo na joto, ingawa soma karatasi yake kwa sababu zinatofautiana. Asiye na friji huitia kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, akaiweka ndani ya chungu chenye maji ya baridi. Mgonjwa anayeniambia "nachoma lakini sukari haishuki", swali langu la kwanza ni: unaiweka wapi?

Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Ya nguruwe inapishana na yetu kwa ushanga mmoja tu, ya ng'ombe kwa mitatu. Tangu 1982 iko insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria: wanasayansi waliingiza maagizo yetu ndani ya bakteria, na ribosomu za bakteria zikayasoma bila shida, kwa kuwa lugha ya herufi tatutatu ni moja.

Nimeuziwa unga wa kolajeni kwa pesa nyingi. Utaondoa mikunjo usoni?

Kolajeni ni protini ya ngozi, mifupa na kano. Ya kwenye kopo, kama ile ya supu ya mifupa, haiendi usoni ikiwa nzima. Hufika kwenye damu kama shanga na vipande vifupi, na mwili ndio unaoamua pa kuvipeleka. Huenda vikaishia kwenye kidonda cha mguu. Isitoshe, kolajeni haina hata ushanga mmoja wa triptofani, ambao mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo kama chakula ni hafifu kuliko yai la shilingi chache. Seli zikitaka kutunga kolajeni yao ipasavyo zinahitaji vitamini C. Ikikosekana kabisa, ufizi huvuja damu. Nunua machungwa. Chenji rudi nayo nyumbani.

Hatuna pesa ya nyama. Watoto watapata wapi protini?

Kwenye githeri, mama. Sisemi hivyo kwa kukufariji.

Katika zile shanga 20, kuna 9 ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Sharti ziingie na chakula. Mahindi ni hafifu kwa shanga mbili kati ya hizo, lisini na triptofani. Maharagwe yana lisini tele, ila yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Nyanya zetu walioyatia kwenye sufuria moja hawakuwa na maabara, lakini hesabu waliipata. Ribosomu ikifika mahali pa lisini na lisini haipo, haiwezi kuruka iende mbele. Kazi inakwama, hata kama shanga nyingine zimejaa. Na mwili hauna ghala la kuweka shanga za ziada kama unavyoweka mafuta.

Ndiyo maana mtoto anayelishwa uji wa mahindi mtupu asubuhi hadi jioni hushiba bila kukua. Tia maziwa, au njugu zilizosagwa, au omena waliokaushwa na kutwangwa. Si lazima viwe kwenye sufuria moja. Vikipatikana siku ileile vinatosha. Ukiona miguu ya mtoto imevimba na nywele zimekuwa nyekundunyekundu na kukatika, usianze na mapishi. Mlete hospitali siku hiyo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kadirio ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi. Vijana wa jimu wanaoniuliza kuhusu unga wa protini: anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi ya hapo, sawa, lakini kinachopita mahitaji hakigeuki kuwa msuli. Ini huondoa nitrojeni, figo huitoa kwenye mkojo, na kilichobaki huchomwa au huwa mafuta.

Damu yangu iko 8. Nimekunywa bitiruti mwezi mzima na haijapanda. Kwa nini?

Kwa sababu rangi si damu. Bitiruti inaweza kukupa mkojo mwekundu na kukutisha bure.

Wekundu wa damu ni hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, na hiyo 8 ndiyo kipimo chake: mikufu 4 iliyoshikana, shanga 574 kwa jumla, na kila mkufu umebeba kito kidogo kiitwacho hemu, chenye chembe moja ya madini ya chuma katikati. Hemu si protini. Hutengenezwa pembeni na vimeng'enya, kisha hupachikwa. Mwili hutengeneza chembe nyekundu zaidi ya milioni 2 kila sekunde, maana kila moja huishi siku 120 hivi. Chuma kikipungua, shanga zipo na maagizo yapo, lakini chembe zinatoka ndogo na zimepauka. Mimi huziona kwenye hadubini: duara jembamba jekundu pembeni, katikati peupe.

Kula maini, nyama, omena, maharagwe, managu, na uvisindikize na nyanya au chungwa. Halafu chai. Najua sitasikilizwa, lakini chai ukinywa pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa. Ingojee saa moja hivi. Na damu ya 8 ina sababu yake: hedhi nzito, minyoo, vidonda vya tumbo. Itafutwe.

Mimi na baba yake ni wazima. Mtoto alitoa wapi selimundu?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi baba hayupo.

Mkufu mmojawapo wa hemoglobini, ule wa beta, una shanga 146. Ushanga wa 6 huandikwa kwa herufi GAG. Kwa mwenye selimundu imeandikwa GTG. Herufi moja tu imebadilika. Ushanga uliokuwa unapenda maji umepisha ule unaoyakimbia, na hemoglobini ikishaachia oksijeni hugandana ikawa mafungu marefu yanayoipinda chembe nzima. Mara ya kwanza kuiona nilidhani nimeharibu slaidi: katikati ya chembe za mviringo kulikuwa na vitu vyembamba, vimechongoka pande zote mbili, kama mundu kweli. Vikikwama kwenye mishipa midogo, ndipo mtoto analia mifupa.

Kila mtu ana nakala mbili za ukurasa huo, moja ya mama na moja ya baba. Nyinyi wawili kila mmoja ana nakala moja nzuri na moja yenye kosa, na hiyo nzuri inatosha, ndiyo maana hamkuugua. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mbili zenye kosa. Mama hakukosea, baba hakukosea, na hakuna aliyerogwa.

Kosa hilo halikudumu bure. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949 akaona alama hiyo ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha kwamba mwenye nakala moja tu yenye kosa hukingwa kiasi na malaria. Penye mbu wengi, ndipo ilipobaki.

Mtoto akizaliwa huonekana mzima kwa miezi kadhaa, kwani bado anatumia hemoglobini ya tangu alipokuwa tumboni mwa mama, inayoandikwa ukurasa mwingine kabisa. Baadaye mwili huufunga ukurasa huo. Dawa ya haidroksiurea hufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuufungua tena kidogo. Muulize daktari wake kuihusu, wala usiache kipimo cha hemoglobini kwa watoto waliotangulia.

Sili mafuta kabisa. Kolesteroli yangu imetoka wapi?

Kwenye ini lako. Kolesteroli nyingi mwili hujitengenezea. Haina ukurasa wake kwenye DNA. Kilichoandikwa humo ni vimeng'enya, navyo ndivyo vinavyoijenga. Tembe za atorvastatini, za kushusha kolesteroli, hukizuia kimojawapo. Hata ugali wa ziada, vimeng'enya vingine huweza kuugeuza mafuta.

Nina mafua. Niuzie azithromaisini mbili tu, si lazima dozi yote.

Kwanza, sisi ni maabara, hatuuzi. Pili, azithromaisini, erithromaisini na doksisaiklini hung'ang'ania ribosomu za bakteria na kuzizuia kutunga protini. Ribosomu zetu zina umbo tofauti, ndiyo maana bakteria wanakufa na wewe unabaki. Lakini mafua huletwa na virusi, na virusi havina ribosomu. Huingia ndani ya seli yako na kutumia zako. Hiyo tembe itapita mwilini ikitafuta kitu cha kushika isikipate, isipokuwa bakteria wako wa tumboni wasio na hatia, na wale sugu watakaosalia ndio watakaokusumbua mwaka kesho. Kunywa maji ya moto, lala. Ukizidi siku kumi, au ukianza kupumua kwa shida, rudi, nitakutoa damu na utakaa kwenye benchi kama wenzako.