Moyo kwenda mbio na pumzi kukata baada ya korona: maswali na majibu

Korona ilipita miezi minne sasa. Nikisimama moyo unaenda mbio, lakini kipimo cha umeme wa moyo kimeonyesha sina tatizo. Inawezekanaje?

Kipimo hicho hupigwa ukiwa umelala, na shida yako inaanza ukisimama. Mtu akisimama, damu hushuka tumboni na miguuni, na neva huibana mishipa haraka ili irudi juu. Baada ya virusi, neva hizo huweza kuzembea, moyo ukafidia kwa kupiga mbio.

Jipime nyumbani, mtu akiwa karibu. Lala dakika 10, hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Kisha simama ukiegemeza mabega ukutani, visigino sentimita 15 kutoka ukutani, bila kuongea. Andika mapigo kila dakika hadi ya 10; ukihisi kizunguzungu kikali, keti. Yakipanda kwa 30 au zaidi (40 kwa wa miaka 12 hadi 19), mpelekee daktari karatasi hiyo, naye akupime presha ukiwa umelala na umesimama. Atahitaji pia kupima damu, maana upungufu wa damu na tezi ya thairoidi (ya shingoni) inayofanya kazi kupita kiasi huleta hali hiyohiyo.

Nikigundulika na hali hii ya moyo kwenda mbio nikisimama?

Kunywa maji lita 2 hadi 3 kwa siku, glasi moja au mbili kabla ya kutoka kitandani. Soksi za kubana zifike mapajani au kiunoni. Fupi za kifundoni ni hasara tu. Oga na piga pasi ukiwa umekaa. Chumvi ya ziada ni ya kuambiwa na daktari: mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa figo au wa moyo asithubutu.

Nikimbie asubuhi nirudishe nguvu?

Hapana, si kwa sasa. Wengi hujisikia vizuri siku ya zoezi, kisha huanguka kesho yake au keshokutwa. Kama kufua ndoo mbili kunakulaza siku nzima, fua moja, pumzika katikati. Aliyeambiwa misuli ya moyo ilivimba huacha mazoezi mazito miezi 3 hadi 6, mpaka daktari amruhusu.

Pumzi ikikata ghafla?

Keti, inama mbele, viwiko juu ya magoti, mabega yalegee. Vuta hewa kwa pua, itoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai, kutoa kuchukue muda mara mbili ya kuvuta. Kosa la kawaida ni kuhema kwa nguvu ukitafuta hewa zaidi: kabonidioksaidi hushuka mwilini, vidole vikafa ganzi, hofu ikazidi. Nyungu nayo haifungui mapafu, na sufuria ikipinduka inaunguza.

Niende hospitali lini?

Leo hii, kama una maumivu ya kifua, umezirai, unakohoa damu, mguu mmoja umevimba (huenda ni damu iliyoganda), au kipimo cha oksijeni cha kidole kinasoma 92 au chini. Kidole kiwe na joto, kucha isiwe na rangi wala piko. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hicho mara nyingine husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo ukihema huku kinasoma 95, amini kifua chako. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe makohozi ya kifua kikuu, hata kama kilianza na korona.