Damu imepanda, mbona miguu bado mizito?

Baba yetu figo zimefeli, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki hapa Mwanza. Sindano za kuongeza damu zimemtoa HB (kipimo cha wingi wa damu) 6 hadi 10.5. Mbona akipanda kilima kwenda nyumbani Igogo bado anakaa kwenye mawe mara tatu kabla hajafika?

Poleni kwa kuuguza. Figo, mbali na kuchuja damu na kutoa mkojo, hutoa homoni ya erithropoietini inayouagiza uboho utengeneze chembe nyekundu. Figo zikifa, agizo halitoki, na sindano ndizo zinazoshika zamu hiyo. Ila damu ni mchukuzi tu wa oksijeni. Msuli nao unahitaji mishipa midogo ya kuipokea na mitokondria, yaani vile vinu vya ndani ya seli, vya kuitumia. Kwa mgonjwa wa figo hivyo vyote huwa vimechoka: sumu, asidi kuzidi mwilini, kula kidogo na, kwa maoni yangu hili ndilo tunalolipuuza mno, kushinda amelala. Mtumbwi umefika soko la samaki la Mwaloni umejaa sangara, makuli hawapo.

Basi si waongeze dozi afike 14?

Hapana. Tafiti kubwa za 2006 na 2009 zilionyesha kuwa kuisukuma HB hadi 13 kunaongeza hatari ya moyo na kiharusi. Madaktari wengi huridhika ikiwa kati ya 10 na 11.5. Presha nayo hupanda na sindano hizi, ipimwe kila mara. Dozi ikikataa kufanya kazi, kwanza waangalie madini ya chuma, ambayo wanaosafishwa damu mara nyingi huwekewa kwenye mshipa. Kisha maambukizi na damu inayovuja. Kwa sisi wa kando ya ziwa, minyoo na kichocho visisahaulike.

Jirani anatuletea juisi ya rozela na bitiruti.

Mshukuruni, lakini wekundu wa juisi si wekundu wa damu. Bitiruti ina potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Tena juisi ni maji, na maji anayoruhusiwa kunywa yamewekewa kipimo. Afadhali kipande cha sato, kwa kiasi alichopangiwa.

Na miguu?

Aanzie kwenye kiti: asimame, aketi, bila kujisukuma kwa mikono. Mara tano leo, kumi wiki ijayo. Kisha atembee tambarare kabla ya kukabili kilima, daktari wake akiwa anajua. Akibanwa kifua, au akihema hali amelala tu, hilo si la mazoezi: mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.