Skrinishoti kwenye laptopu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kazi yangu ni kuwasaidia watu waliokwama na kompyuta, na karibu kila siku napokea picha za aina moja. Mtu ameona ujumbe wa kosa kwenye laptopu yake. Anachukua simu, anaielekeza kwenye skrini, anapiga, ananitumia. Ninachokiona ni mistari ya rangi inayopindapinda kama maji, taa ya dari imeng'aa katikati, na ule ujumbe wenyewe, ambao ndio ningeusoma, umekatika pembeni. Nikimwomba apige skrinishoti, yaani picha ya skrini inayochukuliwa na kompyuta yenyewe, jibu huwa moja kati ya mawili: "laptopu yangu haina hiyo," au "nimejaribu, haifanyi kazi."

Yote mawili hutokana na kuichukulia skrinishoti kama kazi ya kamera. Kompyuta haijipigi picha, inanakili namba. Skrini yenye upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080 ina vidoti 2,073,600, na kila kidoti kina namba tatu za rangi: nyekundu, kijani na bluu. Namba hizo zimo ndani ya kompyuta kabla hazijageuka mwanga wa kufika machoni pako, na skrinishoti huzichukua zenyewe, moja baada ya nyingine, bila kupoteza hata moja. Simu hukusanya mwanga tu. Safu za vidoti vya skrini zikikutana na safu za kihisio cha kamera, hapo ndipo ile mistari ya mawimbi inapozaliwa. Hata simu ya bei kubwa kiasi gani haiwezi kuishinda nakala halisi.

"Nabonyeza PrtSc, hakuna kinachotokea"

Kimetokea, ila kimya kimya. Kwenye Windows, kwa miaka mingi kitufe cha PrtSc, kifupi cha Print Screen, kimekuwa kikiiweka picha kwenye ubao wa kunakili, pale pale yanapokaa maneno uliyoyanakili kabla ya kuyabandika. Haina faili, haina folda, haitoi sauti. Fungua barua pepe, Word au Paint, bonyeza Ctrl na V, utaiona. Ukinakili kitu kingine kabla ya kuibandika, imekwenda, isipokuwa kama uliwasha historia ya ubao huo, inayofunguka kwa kitufe cha Windows na V.

Unayetaka faili, bonyeza Windows na PrtSc kwa pamoja. Skrini itafifia mara moja kisha picha itajihifadhi kwenye folda ya Screenshots iliyo ndani ya Pictures. Alt na PrtSc huchukua dirisha unalolifanyia kazi peke yake. Ninayoitumia mimi kuliko zote ni Windows, Shift na S: skrini inaingia giza kidogo, unaburuta kipanya kuzungusha sehemu unayoitaka, basi. Kwenye Windows 11 za karibuni PrtSc yenyewe hufungua kifaa hicho hicho, Snipping Tool, na ndiyo maana maelezo ya zamani yanawachanganya watu: kitufe ni kile kile, tabia imebadilika.

Kwenye Mac hakuna PrtSc kabisa. Command, Shift na 3 huchukua skrini nzima. Command, Shift na 4 huchukua sehemu, na ukigusa kitufe cha nafasi baada yake unachagua dirisha moja. Tangu macOS Mojave ya mwaka 2018 kuna Command, Shift na 5, inayokuletea menyu ya kila kitu, kurekodi kukiwemo.

"Laptopu yangu haina kitufe hicho"

Kitafute kwanza. Mara nyingi kimebanwa na kitufe kingine, kimeandikwa kwa herufi ndogo za rangi tofauti, na kinahitaji kushikiliwa pamoja na Fn. Kisipokuwepo kabisa, Windows, Shift na S hazikihitaji. Zaidi ya hapo, Snipping Tool ni programu kama programu nyingine: unaandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia na inafunguka.

"Maandishi yakiwa madogo nitayakuza baadaye"

Hapa wengi huumia, hasa wanaoandaa mafunzo na ripoti. Picha haina namba zaidi ya zile zilizonakiliwa. Herufi iliyokuwa na kimo cha pikseli 9 kwenye skrini itabaki na pikseli 9 milele. Kuikuza ni kuvitanua vidoti vile vile mpaka vigeuke ngazi ngazi. Kuza kabla ya kupiga. Kwenye kivinjari shikilia Ctrl na ubonyeze alama ya kujumlisha mara mbili tatu, ukurasa wenyewe uchore herufi kubwa, ndipo upige.

Jambo la pili ni aina ya faili. PNG huhifadhi kila kidoti kama kilivyo. JPEG ilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera, zenye nyuso na mawingu, nayo hupunguza ukubwa kwa kutupa undani ambao jicho halitautafuta. Kwenye uso wa mtu huoni tofauti. Kwenye herufi nyeusi juu ya weupe unaona vumbi la kijivu limezizunguka pande zote. Programu nyingi za kutumiana ujumbe hugeuza picha yako kuwa JPEG ndogo bila kukuuliza, kwa hiyo skrinishoti yenye maandishi mengi itume kama hati, si kama picha.

"Nimekata sehemu ya siri, nimeitia ukungu, kwa hiyo niko salama"

Hii ndiyo dhana inayonikosesha amani, kwa sababu anayeumia si lazima awe aliyepiga picha. Ni mteja ambaye namba yake ya akaunti imeonekana, au mgonjwa ambaye jina lake limebaki pembeni.

Tuanze na kukata. Machi 2023 watafiti wawili, Simon Aarons na David Buchanan, walieleza kasoro iliyopewa jina la aCropalypse. Ilianza kugunduliwa kwenye simu za Google Pixel, na siku chache baadaye ikaonekana pia kwenye Snipping Tool ya Windows 11 na Snip & Sketch ya Windows 10. Mtu alikuwa anafungua picha, anaikata, anaihifadhi juu ya faili lile lile. Programu iliandika picha mpya ndogo mwanzoni mwa faili lakini haikufuta mkia wa ile ya zamani. Kwa macho umeona kipande kidogo, huku sehemu kubwa ya uliyoyakata ikiwa bado imo ndani na inaweza kufufuliwa. Microsoft ilitoa marekebisho mwezi huo huo. Marekebisho hayo, hata hivyo, hayawezi kuyafikia mafaili yaliyokwisha kutumwa.

Kasoro hiyo iliisha, lakini kuna mtego wa jirani ambao si kasoro hata kidogo, ni mpango. Ukiweka picha ndani ya Word na kuikata humo humo, Word huficha tu sehemu iliyokatwa ili uweze kubadili mawazo. Anayepokea hati yako anaibofya picha, anachagua kukata, anavuta ukingo, na yote yaliyofichwa yanarudi mbele yake. Kuna chaguo la kufuta kabisa sehemu zilizokatwa, ila lazima ulichague mwenyewe. Mimi hupendelea kukata kabla ya kuiingiza picha kwenye hati.

Kuhusu ukungu na ile miraba miraba ya kufunika maandishi, ni vizuri kuelewa kinachofanyika. Kila mraba ni wastani wa rangi za vidoti vilivyokuwa chini yake. Wastani huo umetokana na herufi halisi, kwa hiyo bado umebeba habari zake. Kompyuta inaweza kujaribu herufi moja moja, kuitia miraba kwa njia ile ile, na kulinganisha mpaka ipate inayofanana. Programu za kufanya hivyo zipo na ziko wazi kwa yeyote. Depix ya mwaka 2020 na Unredacter ya kampuni ya usalama ya Bishop Fox, ya mwaka 2022, zilitolewa makusudi kuonyesha udhaifu huo. Namba ndiyo rahisi zaidi kufichuliwa, maana tarakimu ni kumi tu.

Kalamu ya kuangazia yenye rangi nyeusi nayo haifai. Inaonekana nyeusi, lakini wino wake unapitisha mwanga kidogo. Anayeongeza mng'ao wa picha anaweza kusoma kilicho chini. Tumia mstatili mweusi uliojaa kabisa, kisha hifadhi kama picha mpya, faili jipya, jina jipya. Mstatili ukiuchora juu ya maandishi ndani ya PDF au Word, maneno yaliyo chini yake bado yanaweza kuteuliwa na kunakiliwa.

Kisha angalia pembezoni. Vichwa vya vichupo vya kivinjari vinaeleza ulichokuwa unasoma. Anwani ya tovuti huenda ina jina lako la mtumiaji. Arifa ya ujumbe huibuka kwenye kona sekunde ile ile unayobonyeza.

"Skrinishoti ni ushahidi usiopingika"

Hapana. Ndani ya kivinjari chochote cha kompyuta kuna vifaa vya wasanidi, vinavyofunguka kwa F12 kwenye Windows. Humo maneno ya ukurasa ulio mbele yako yanabadilishwa kwa kuyaandika upya tu: kiasi cha pesa, jina, tarehe. Tovuti yenyewe haiguswi, ukiipakia upya ukurasa hurudi ulivyokuwa. Lakini skrinishoti iliyopigwa katikati ya hapo inaonyesha uongo kwa herufi zile zile, rangi zile zile, bila alama ya kufuta popote. Hakuna jicho litakaloitambua, kwa sababu kompyuta imenakili kwa uaminifu kile kilichokuwa kimeonyeshwa.

Anayekutumia skrinishoti ya malipo mwamini tu baada ya kuyaona malipo kwenye akaunti yako. Na wewe unayetaka kutunza ushahidi wa matusi au utapeli, piga picha ndiyo, lakini usiufute ujumbe wa asili, tunza barua pepe yenyewe, andika anwani kamili ya ukurasa na saa.

"Video inatoka nyeusi, kadi ya skrini imeharibika"

Iko salama. Huduma nyingi za filamu hutuma picha zilizofungwa kwa ulinzi wa hakimiliki, na ulinzi huo unaweza kuziachia skrini tu, huku programu inayonakili ikipewa weusi. Kingine kinachodhaniwa kupotea ni mshale wa kipanya: PrtSc kwa kawaida haiuchukui, kwa sababu mfumo huuchora juu ya picha nyingine kama tabaka la pekee.

"Kurekodi skrini kunahitaji programu ya kununua"

Kifaa tayari unacho. Snipping Tool ya Windows 11 inarekodi video. Xbox Game Bar, inayoanza na kusimama kwa Windows, Alt na R, ipo hata kwenye Windows 10, na usitishwe na jina lake la michezo. Kikomo chake ni kwamba hurekodi programu moja iliyofunguliwa, haikubali eneokazi wala kidirisha cha mafaili. Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux, kuanzia toleo la 22.04 ina menyu yake kwenye PrtSc ya kupiga na kurekodi. Anayetaka zaidi, yaani kamera pembeni, sauti mbili, mandhari kadhaa, kuna programu ya OBS Studio, ya bure, na msimbo wake uko wazi.

Usiogope pia kwamba video itaijaza diski. Ingehifadhiwa ikiwa mbichi, skrini ya 1920 kwa 1080 kwa picha 30 kila sekunde ingekula takriban megabaiti 186 kwa sekunde moja. Hakuna anayefanya hivyo. Kirekodi huandika kilichobadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na ukurasa uliotulia haubadiliki karibu chochote, kwa hiyo somo la hati hubanwa sana kuliko mchezo wa mbio za magari.

Kinachopotea zaidi ni sauti. Niliwahi kurekodi somo la dakika 40 kwa ajili ya kikundi cha walimu, nikaeleza kila hatua taratibu, nikamaliza, nikasikiliza: kimya tangu mwanzo mpaka mwisho. Programu ilikuwa imechukua sauti ya kompyuta, nayo haikuwa na sauti yoyote ya kutoa. Maikrofoni haikuwa imechaguliwa. Sauti ya kompyuta na sauti ya maikrofoni ni njia mbili tofauti, na kila moja ina swichi yake. Kwenye Mac shida ilikuwa kinyume kwa miaka mingi: kifaa chake cha kurekodi kilichukua maikrofoni na kuacha sauti ya ndani. Tangu siku ile narekodi sekunde kumi kwanza, nazisikiliza kwa spika za masikioni, ndipo naanza.

Somo likiwa refu, chagua aina ya faili kabla ya kubonyeza. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake, yaani orodha ya kila kipande kilipo, mwishoni kabisa, wakati wa kusimamisha. Umeme ukikatika au laptopu ikizima katikati, unabaki na faili kubwa ambalo hakuna kicheza video kitakachokubali kulifungua. MKV huandikwa kwa namna inayookoa kila kilichorekodiwa mpaka sekunde ya kuzima. OBS inakuruhusu kurekodi kwa MKV, na ukishamaliza inaigeuza kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kupunguza ubora, kupitia menyu yake ya File.