"Hata sisi tulisoma bodingi"

Nafundisha wahamiaji wapya hapa Winnipeg, wengi wao Wakenya, Watanzania na Wakongo. Kila tukifika kwenye shule za bweni walikopelekwa watoto wa wenyeji wa asili wa Kanada, kuna atakayesema: "Mwalimu, hata sisi tulisoma bodingi. Tulichapwa, tukala maharage yenye wadudu, na tumekuwa watu." Nimechoka kuyasikia maneno haya.

Ni kweli, kwetu pia shule za misheni zilikuwepo, na Wakenya wengi wanakikumbuka kile kibao alichovishwa shingoni mtoto aliyesema lugha ya mama. Lakini baba yako aliuza ng'ombe ili wewe upate nafasi. Kanada, sheria ya mwaka 1920 iliwalazimisha watoto wa Mataifa ya Kwanza (jina la kundi kubwa la wenyeji wa asili) wa miaka 7 hadi 15 kwenda shule, na mzazi aliyemficha mwanawe alitozwa faini au kufungwa. Wewe ulirudi likizo, bibi akakupokea, mkapiga soga usiku kucha. Shule zile zilikusudia mtoto akirudi asielewane na bibi yake. Si mimi ninayewasingizia: Duncan Campbell Scott, mkuu wa idara ya serikali iliyosimamia wenyeji wa asili, aliwaeleza wabunge mwaka huohuo kwamba kazi itaendelea mpaka asibaki hata mmoja ambaye hajamezwa na jamii ya Kanada.

Mtoto alifika akanyolewa, akavuliwa nguo alizoshonewa na mama, akapewa namba. Kaka na dada waliishia kutazamana kwa mbali bwaloni, wasiruhusiwe kusemezana. Oktoba 1966, Chanie Wenjack, mvulana wa miaka 12 wa Kiojibwe, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili, alitoroka shule ya bweni ya Cecilia Jeffrey huko Kenora, Ontario, akafuata reli kuelekea kwao, kiasi cha kilomita 600. Baridi ilimuua njiani. Alikuwa na nguo nyepesi na kichupa chenye njiti chache za kiberiti. Nani kati yetu alitoroka bodingi namna hiyo?

"Angalau walipata elimu." Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, shule nyingi zilifundisha nusu siku tu. Nusu iliyobaki wavulana walikuwa zizini na shambani, wasichana wakifua na kushona.

"Zama zile kifua kikuu kilimuua kila mtu." Hapana! Daktari Peter Bryce, mganga wa serikali, aliripoti mwaka 1907 kwamba kati ya wanafunzi 1,537 aliopata taarifa zao, karibu robo walikuwa wameshakufa. Alitaja msongamano na mabweni yasiyopitisha hewa. Serikali iliyalipa makanisa yaliyoendesha shule hizo kwa idadi ya watoto, kwa hiyo hata mgonjwa aliingizwa, akalala na wazima. Mapendekezo yake yakapuuzwa. Leo orodha ya watoto waliofia shuleni imepita majina 4,100.

"Ni mambo ya kale." Takriban watoto 150,000 walipitia shule hizo, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Aliye nyuma yako kwenye foleni ya benki anaweza kuwa manusura. Nawaomba kila mwaka: ukikutana naye, usianze na "hata sisi". Nyamaza, msikilize. Na Septemba 30, siku ya kuwakumbuka watoto wa shule hizo, wavishe wanao fulana za rangi ya machungwa, uwapeleke wakawasikie manusura wakisimulia wenyewe.

"Walishalipwa." Kwa makubaliano ya fidia ya mwaka 2006 kati ya manusura, serikali na makanisa, manusura alipata dola 10,000 kwa mwaka wake wa kwanza shuleni na 3,000 kwa kila mwaka uliofuata. Aliyenajisiwa au kuteswa alitakiwa kumsimulia mtu asiyemjua yaliyompata, madhara yakapimwa kwa alama, ndipo fidia ikakadiriwa. Na aliyefariki kabla ya Mei 30, 2005 hakuhesabiwa kabisa kwenye malipo yale ya miaka ya shule.