Waya wa Ardhi wa Boti Haukatwi

Juma lililopita nilifungua plagi ya boti iliyofungwa gatini, nikakuta waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, umekatwa na ncha yake imezungushiwa utepe mweusi kwa uangalifu mkubwa. Mwenye boti alinieleza kwamba tangu aukate, zinki za shafti, yaani vipande vinavyofungwa ili viliwe na maji badala ya vyuma vingine vya boti, haziliki kama zamani. Kuhusu zinki alisema kweli, na ndiyo maana imani kwamba kuukata waya huu ni dawa haifi.

Waya huo huunganisha vyuma vya boti yako na vya kila boti iliyochomeka umeme kwenye gati hilohilo. Maji yakikamilisha mzunguko, nyote mnakuwa betri moja, na zinki yako huliwa kwa ajili ya vyuma vya jirani. Hata hivyo, waya huohuo ndio njia pekee ya uhakika ya kurudisha nchi kavu umeme unaovuja. Usipokuwapo, umeme hupita kwenye injini, shafti na rafadha hadi majini, au kwenye mkono wa mtu aliyeshika reli. Katika maji yasiyo na chumvi hatari huzidi, kwa sababu mwili wa binadamu hupitisha umeme vizuri kuliko maji yanayouzunguka. Miliampea kumi na kitu hukaza misuli, na muogeleaji huzama bila jeraha lolote. Tatizo la zinki lina kifaa chake, nacho ni kizuizi cha dayodi kinachofungwa kwenye waya wa ardhi, ambacho huzuia volti ndogo, takriban 1.2, na kuruhusu mkondo wa hitilafu upite.

Wengine hukata waya kwa sababu breka ya uvujaji ya gatini huzima kila mara, nao huamini kwamba ni mbovu. Breka ya miliampea 30 hulinganisha tu mkondo unaokwenda kwenye waya wa moto na ule unaorudi kwenye nyutro, na kwa kawaida hukata mahali fulani kati ya 15 na 30. Chaja na vifaa vyenye vichujio huvuja kidogo kila kimoja, kwa hiyo vikikusanyika vinaweza kuizima ingawa hakuna hata kimoja kilichoharibika.

Kosa linalonichosha zaidi ni nyutro kuungwa na ardhi ndani ya boti. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gati) na jenereta huhitaji muungano huo zinapozalisha umeme zenyewe, lakini umeme wa gati umekwisha kuungwa nchi kavu. Muungano wa botini usipofunguka wakati wa kutumia umeme wa gati, sehemu ya mkondo unaorudi hupitia ardhi na breka hukata, tena mara nyingi mzigo unapowashwa tu. Basi mwenye boti hulaumu birika, akalibadilisha, kisha akalaumu jiko. Chomoa plagi gatini, zima inveta na jenereta, washa swichi kuu ya boti, kisha pima omu kati ya pini za nyutro na ardhi kwenye plagi hiyo. Ikikaribia sifuri, muungano upo. Swichi kuu ikiwa imezimwa, kipimo hakifiki ndani na kitakudanganya. Kipimo hiki pia hakioni rilei ya inveta, yaani swichi yake ya ndani inayofungua na kufunga muungano huo, inayonata ikiwa kazini. Hapo mimi hutumia mita ya koleo, inayopima mkondo kwa kukumbatia waya, kwenye waya wa moto na nyutro kwa pamoja, ambayo inapaswa kusoma sifuri.

Kuona volti 230 bila mzigo hakutoshi. Kiungo chenye nusu omu, mkondo ukiwa ampea 16, hutoa joto la wati 128 ndani ya plagi, kwa hiyo tazama pini zilizobadilika rangi.

Zipo hitilafu zinazojitokeza baada ya mvua tu. Nimewahi kukausha soketi, kukaza viungo na kubadilisha elementi ya hita kwa siku moja. Hitilafu ikaisha, na hadi leo siwezi kuapa ni lipi lililoitibu.

Kwenye boti ile yenye waya uliokatwa, gati lilikuwa na breka ya kawaida isiyopima uvujaji. Kabla ya kuunga waya nilipima elementi ya hita: omu 5,000 tu hadi kwenye ganda lake, yaani hadi karibu miliampea 46. Kila maji ya kuoga yalipopashwa moto, mkondo huo ulikuwa ukiingia majini kupitia shafti, hatua chache kutoka ngazi ya kuogelea.