Pamafrosti na majira ya joto ya kale

Pamafrosti ni ardhi ambayo joto lake halizidi nyuzi 0 za Selsiasi kwa angalau miaka 2 mfululizo. Inaweza kuwa mwamba, mchanga au tope, na si lazima iwe na barafu ndani. Hata hivyo, barafu ndiyo inayoamua mambo dunia ikipata joto: mwamba mkavu hubaki ulivyo, lakini udongo uliojaa barafu hutitia.

Siberia ina udongo wa namna hiyo kwa wingi. Kwa maelfu ya miaka, baridi kali ilipasua ardhi, maji ya theluji yakaingia kwenye nyufa na kuganda, na mwaka uliofuata ufa ukafunguka palepale. Hivyo ndivyo zilivyokua kabari za barafu, nyingine zenye kimo cha makumi ya mita.

Enzi ya barafu ilipokwisha, yapata miaka 11,700 iliyopita, kabari nyingi za Yakutia, eneo la kaskazini-mashariki mwa Siberia, ziliyeyuka. Ardhi ikabonyea, maji yakatuama, na ziwa likazidi kuyeyusha barafu iliyokuwa chini yake. Baadaye maziwa mengi yalikauka, yakaacha mabonde ya nyasi yanayoitwa alas, ambamo Wasakha, wenyeji wa Yakutia, hufuga ng'ombe na farasi mpaka leo. Yaani malisho yao ni makovu ya joto la kale.

Mapango nayo yana ushahidi. Nguzo za chokaa hukua pale tu maji yanapodondoka, na pango lililoganda halidondoshi kitu. Katika pango la Ledyanaya Lenskaya huko Siberia, nguzo hizo zilikua miaka kama 400,000 iliyopita, katika kipindi kilichokuwa na joto kuliko la sasa.

Lakini tusidhani kila kitu kiliyeyuka. Huko Yukon, Kanada, kuna kabari ya barafu yenye umri wa miaka 740,000 hivi. Imepita vipindi kadhaa vya joto ikiwa mita chache tu chini ya uso wa ardhi. Udongo na mimea iliyo juu huzuia joto la kiangazi lisipenye.

Blanketi hilo likiondolewa, hesabu hubadilika. Batagay, Siberia, msitu ulikatwa katikati ya karne ya 20, mfereji ukaanza kuchimbika, na sasa ni shimo la urefu wa takriban kilomita 1, linaloyeyusha barafu ambayo joto la kale halikuiweza.