Uvimbe wa Tishu Laini: Safari ya Kuupata Jina Lake

Hivi majuzi maabara yetu hapa Nairobi ilipokea kopo dogo la kuwekea mkojo, ambamo uvimbe uliotolewa pajani ulikuwa umeshindiliwa hata formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, ikakosa nafasi, na fomu yake ilikuwa na maneno mawili tu: "uvimbe, paja". Umri wa mgonjwa haukuandikwa, wala muda ambao uvimbe ulikuwa umekaa, wala kama ulikuwa chini ya ngozi au ndani ya msuli. Tulipoupasua, katikati ulikuwa umeshaharibika, na sehemu hiyo haikusomeka tena. Formalini inapaswa kuwa angalau mara 10 ya ujazo wa kipande.

Uvimbe mwingi wa mafuta, misuli, neva na mishipa ya damu si saratani. Sarkoma, yaani saratani za tishu kama hizi, ni takriban asilimia 1 tu ya saratani za watu wazima, lakini aina zake ni nyingi mno. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 huzipanga kwa tishu zinazofanana nazo, kisha kwa tabia. Na kati ya uvimbe usio na madhara na saratani kamili lipo kundi la kati, ambalo hurudi palepale au husambaa mara chache. Kundi hili ndilo gumu zaidi kulieleza kwa familia inayosubiri kusikia "ndiyo" au "hapana".

Hadubini peke yake inaweza kupotosha. Fashiaitisi ya vinundu, aina mojawapo ya uvimbe wa tishu laini, hukua kwa wiki chache na seli zake hugawanyika kwa kasi, ilhali si saratani. Sarkoma ya sinovia huweza kukua taratibu kwa miaka, na licha ya jina lake haitokani na sinovia, yaani utando wa maungio ya mifupa. Huthibitishwa kwa kuonyesha kwamba jeni ya SS18 imeungana na jeni ya SSX. Kwa sarkoma ya Kaposi tunatafuta ndani ya seli protini ya HHV-8, kirusi kinachoisababisha, kilichogunduliwa mwaka 1994.

Kwa hiyo uvimbe unaozidi sentimita 5, ulio ndani ya msuli au unaoendelea kukua, upigwe picha kwanza, ikiwezekana ya MRI, kisha kipande kichukuliwe kwa sindano nene kabla ya upasuaji, tena mahali alipokubali daktari atakayeutoa. Mgonjwa akihamia hospitali nyingine, aombe ripoti, slaidi (vioo vilivyosomwa kwa hadubini) na vipande vilivyohifadhiwa kwenye nta, kwani vipimo vya protini na jeni hufanywa juu ya vipande hivyo hivyo.